Ontario: Sera ya kupumzika haitoshi bila saa za mapumziko

Mjini Toronto, sawa na kwingineko katika jimbo la Ontario nchini Kanada, mwajiri aliye na wafanyakazi 25 au zaidi ifikapo tarehe 1 Januari hulazimika kuwa na sera ya maandishi kuhusu kukata mawasiliano ya kikazi. Sharti hilo liliwekwa kwa sheria ya mwaka 2021, na sera za kwanza zilitakiwa ziwe tayari tarehe 2 Juni 2022.

Mawasiliano yanayokusudiwa ni pamoja na simu, barua pepe na mikutano ya video.

Sera si haki

Hata hivyo, sheria hiyo haikumpa mfanyakazi haki mpya ya kuzima simu. Inamtaka mwajiri aandike sera, lakini yatakayoandikwa humo ameachiwa yeye. Mfanyakazi mpya hupaswa kupewa nakala katika muda wa siku 30, na ni vyema aisome.

Kinga kubwa zaidi imo katika Sheria ya Viwango vya Ajira ya mwaka 2000. Kwa kawaida, mfanyakazi hustahili saa 11 mfululizo za mapumziko kila siku, na saa 24 mfululizo kila wiki au 48 kila wiki mbili. Kazi inayozidi saa 44 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida.

Mwajiri naye ana sababu ya kujali. Barua pepe ya kazi inayojibiwa usiku nyumbani yaweza kuhesabiwa kuwa kazi, nayo hudai malipo.

Wasioguswa

Mameneja na wataalamu wa kompyuta hawamo katika kanuni ya malipo ya saa za ziada. Wafanyakazi wa mabenki na mashirika ya ndege husimamiwa na sheria ya shirikisho.

Aidha, saa huhesabiwa kwa kila mwajiri peke yake. Mwenye ajira mbili aweza kupumzishwa kisheria na waajiri wote wawili, na bado asipate usiku wa kulala.

Afrika Mashariki

Kwa likizo ya mwaka, Ontario imeachwa nyuma. Huko mfanyakazi hupata wiki mbili, na tatu baada ya miaka mitano kwa mwajiri yule yule. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 28. Ya Kenya ya mwaka 2007, siku 21 za kazi.

Mwaka 2022, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipendekeza mswada wa kuwalinda wafanyakazi wa Kenya dhidi ya kusumbuliwa baada ya kazi. Shirikisho la waajiri liliupinga.

Ontario, mfanyakazi anayeamini kuwa amenyimwa mapumziko au malipo aweza kulalamika kwa Wizara ya Kazi ya jimbo, na sheria inamkataza mwajiri kumwadhibu kwa kufanya hivyo.