Zabuni: Kutoka Mnadani Hata Ofisini

Neno zabuni ni kongwe kuliko ofisi zinazolitumia. Asili yake ni Kiarabu, ambamo maana yake ni mnunuzi au mteja. Na Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alilieleza kuwa ni kutaja bei mnadani. Aliyezabuni alisimama mbele ya watu, akaiona bidhaa, akasikia bei ya mwenziwe. Siku hizi bei hutolewa kwa siri, na azabuniye si mnunuzi tena, bali muuzaji wa kazi yake. Maana imepinduka.

Mapinduzi hayo yana historia, na sehemu yake yaonekana Kibaha. Mwaka 1963 Tanganyika ilipatana na Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi kujenga kituo cha elimu, tiba na kilimo, nacho kikakabidhiwa Serikali mwaka 1970. Msaada ule ulikuwa zawadi. Maji yalikuja kwa mkopo: mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulipanuliwa kutoka lita milioni 82 hata milioni 196 kwa siku, kwa fedha za Benki ya Exim ya India. Kampuni ya VA Tech Wabag ilijenga mtambo, na Megha Engineering ikalaza bomba mpaka Kimara; zote mbili ni za India. Si ajabu, kwani mikopo ya namna hiyo kwa kawaida hudai robo tatu ya thamani ya mkataba itoke huko. Mwaka 2020 maji ya Ruvu Juu yalifika Kisarawe. Fundi wa Kisarawe hakushindwa kwa bei katika kazi ya mtambo ule, mnadani hakuwamo.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 iliwatengea wazawa baadhi ya kazi, lakini zile tu zilizolipiwa kikamilifu na taasisi za umma za nchi. Na pale sheria ilipogongana na mkataba wa mfadhili, mkataba ndio ulioshinda.

Ibaki basi robo moja, yaani mchanga, kokoto, uchimbaji wa mitaro, usafirishaji. Hapo kikwazo huwa lugha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, lakini makabrasha ya kazi za wafadhili kwa kawaida huandikwa Kiingereza, pamoja na vipengele vya dhamana na fidia ambavyo hata mwenye kusoma sana huvirudia mara mbili. Kuyatafsiri si kazi kubwa: msamiati upo, dhamana, fidia, mkandarasi, na zabuni yenyewe. Kuigawa robo hiyo katika mafungu ambayo mwenye lori moja aweza kuyabeba ni kazi ya wahandisi, nayo yafaa ifanywe kabla mkopo haujatiwa saini.