Namba Tasa na Urithi wa Ibn al-Haytham



Ndugu wazazi na wanafunzi, watoto wetu wa Tororo, Malaba na Busia wanakulia mpakani, ambako shilingi ya Uganda na ya Kenya hubadilishwa kila siku. Hesabu za sokoni wanaziweza. Lakini wakifika darasani, wengi huona hesabu ni elimu ya watu wengine. Je, ni kweli? Tuitazame historia ya namba tasa.

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5 na 7. Wagiriki walizijua kabla yetu, na Euclid alithibitisha kuwa hazina mwisho.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 965 (354 Hijria), akafariki Cairo yapata 1040. Anajulikana zaidi kwa elimu ya mwanga na macho, lakini alishughulikia pia swali hili, ambalo tunaliweka kwa mfano wa soko la Busia. Mama anapanga machungwa mawili mawili, linabaki moja. Akipanga matatu matatu, manne manne, matano matano au sita sita, kila mara linabaki moja. Akipanga saba saba, halibaki hata moja. Ana machungwa mangapi?

Zidisha 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6, upate 720. Ongeza 1: 721, ambayo ni 7 × 103. Siri ni kwamba 7 ni namba tasa. Ukizidisha namba zote zilizo chini ya namba tasa, kisha ukaongeza 1, jibu hugawanyika kwa namba tasa hiyo. Kwa 5: 24 + 1 ni 25. Lakini kwa 6, isiyo tasa, 120 + 1 ni 121, nayo haigawanyiki kwa 6.

Leo kanuni hii inaitwa kwa jina la Mwingereza John Wilson, kwa kuwa mwalimu wake, Edward Waring, aliichapisha mwaka 1770 akimtaja yeye. Mwaka 1771 Lagrange akatoa uthibitisho kamili. Basi tuwe waadilifu: Ibn al-Haytham aliitaja miaka zaidi ya 700 kabla yao, na uthibitisho ni wa Lagrange. Elimu ni amana, kila mtu apewe haki yake.

Kwa namba kubwa kanuni hii ni nzito mno. Euler alithibitisha mwaka 1772, kwa njia nyingine, kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi hapo. Na tangu 1977 wataalamu wanajua kufunga siri kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa: kuzizidisha ni rahisi, kuzitenganisha ni kazi ngumu kupita kiasi. Njia hiyo imelinda mawasiliano mengi ya benki kwenye intaneti.

Wazazi, kujivunia waliotangulia hakutoshi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa mwaka 1988 hapo Mbale, jirani na Tororo. Tuwaandae vijana wetu, wa kiume na wa kike, wakasome.

Zoezi la nyumbani: swali la machungwa lina jibu jingine, chini ya 400. Litafuteni pamoja.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamin.