Makosa ya sintaksi katika hoja ndogo za SQL

Hoja ndogo ni hoja ya hifadhidata iliyoandikwa ndani ya hoja nyingine, ikizungukwa na mabano. Matokeo ya hoja ya ndani hutumiwa na hoja ya nje. Lugha ya SQL ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mfano

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 702,097 katika halmashauri sita za mkoa wa Njombe: Wanging'ombe 161,816, Ludewa 133,218, Mji wa Njombe 130,223, Makete 97,266, Mji wa Makambako 93,827 na Wilaya ya Njombe 85,747. Halmashauri zenye wakazi wengi kuliko wastani hupatikana hivi:

SELECT jina FROM halmashauri
WHERE wakazi > (SELECT AVG(wakazi) FROM halmashauri);

Wastani ni takriban 117,016, hivyo matokeo ni Wanging'ombe, Ludewa na Mji wa Njombe. Makambako haimo.

Makosa ya kawaida

* Mabano: kila bano linalofunguliwa lazima lifungwe.
* Nukta-mkato: hukaa mwisho wa hoja nzima. Ikiwekwa kabla ya bano la kufunga, hoja hukatika katikati.
* Lakabu: hoja ndogo inayofuata neno FROM hudai jina lake katika MySQL, na katika PostgreSQL kabla ya toleo la 16.
* Alama za nukuu: katika 'Wanging'ombe' mfumo hudhani maandishi yameishia kwenye herufi g. Huandikwa 'Wanging''ombe'.

Kosa lisilo la sintaksi

Alama ya = hutaka thamani moja tu. Hoja ndogo ikileta mistari miwili au zaidi, mfumo hukataa hata kama maandishi ni sahihi. Hapo hutumika IN badala ya =.

Kusahihisha

Hoja ya ndani huendeshwa kwanza peke yake. Ikifanya kazi, kosa hutafutwa katika hoja ya nje. Ujumbe wa mfumo huonyesha mahali uliposhindwa kuendelea kusoma. Mara nyingi kosa lenyewe liko kabla kidogo ya hapo.