Ngoma Tano za Bigwala: Uundaji, Sauti na Hatima ya Ala za Busoga

Makala haya yanachunguza ngoma tano zinazoandamana na bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu wa Wasoga, wenyeji wa Jinja na kilima cha Wanyange, mashariki mwa Uganda. Hoja yake ni kwamba ala hupotea pale hafla yake inapofutwa, hata kama mti na ngozi bado vipo.

Ngoma hizo ni engoma enene iliyo kubwa, omugaabe iliyo ndefu, endyanga iliyo fupi, mbidimbidi ya wastani na enduumi iliyo ndogo. Kila moja ina zamu yake, na hakuna inayosimama badala ya nyingine. Ngoma kubwa za kusini mwa Uganda huchimbwa katika gogo, zikawambwa ngozi ya ng'ombe juu na chini, kisha ngozi hizo zikaunganishwa kwa kamba za ngozi zilizokazwa. Unene wa ngozi na upana wa gogo ndivyo huzaa vumi. Omugaabe, ambayo Waganda huiita engalabi, huwambwa upande mmoja tu, kwa desturi kwa ngozi ya kenge iliyopigiliwa vigingi vya mti. Ngozi hiyo ni nyembamba, na mlio wake ni mkali na mkavu. Kwa kuwa vigingi havikazwi tena, mpigaji huianika ngoma juani au huisogeza motoni kabla ya kuipiga.

Bigwala ilipigwa hasa katika kutawazwa na kuzikwa kwa watawala. Katiba ya 1967 ilipofuta falme, hafla hizo zilikatika. Falme zilirejeshwa katika miaka ya 1990, lakini UNESCO ilipoiingiza bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji hifadhi ya haraka mwaka 2012, walisalia mafundi wazee wanne tu. Entenga ya Buganda, yenye ngoma 15 na wapigaji sita, ilinyamaza vivyo hivyo baada ya kasri la Kabaka kushambuliwa mwaka 1966.

Mbale inatoa ulinganisho. Ngoma za kadodi za Wagisu zingali hai kwa kuwa imbalu, jando lao, hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Huko kijana hujifunza ngoma kwa sababu ngoma inahitajika.

Funzo kwa watunga sera ni bayana. Kuhifadhi ala makumbusho, au kuirekodi, hakutoshi. Mradi wa kuihuisha bigwala, ulioongozwa na James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, uliwakutanisha wazee na vijana. Mtaala wa Kiswahili, ambao Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 uwe wa lazima shuleni, unaweza kuyabeba majina ya Kisoga ya ngoma hizi badala ya kuyafunika kwa neno moja. Kiswahili chenyewe hakitenganishi: ngoma ni ala, ni mchezo, na ni hafla. Bigwala nayo ni jina la tarumbeta, la muziki na la uchezaji wake. Sera itakayofadhili kimoja na kuviacha vingine itakuwa imehifadhi gogo tupu.