Jina Kwenye Ukingo wa Nishani: Kuutafuta Wasifu wa Askari wa Mgambo

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, wapo watu katika Uingereza na kwingineko wanaokusanya nishani za vita kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu za kale. Mtu hununua mnadani nishani tatu au nne, akazikuta zimeandikwa kwa herufi ndogo namba, cheo, jina na kikosi. Aliyezivaa amekwisha kufa zamani, na aghlabu hakuna aliyebaki wa kumsimulia. Hapo huzuka swali: mtu huyu alikuwa nani?

Katika makala haya tumekusudia kulitazama swali hilo kwa mfano wa askari wa mgambo wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918). Hatuandiki kuisifu vita ile wala dola zilizoiendesha. Tunaandika kwa sababu njia ya kulijibu inafanana mno na elimu ya wapokezi wa Hadithi, ilmur-rijal, na hatari ya kukosea ni ile ile: kumpachika mja maisha yasiyo yake.

Askari wa mgambo alikuwa nani?

Jeshi la mgambo la Uingereza, lililoitwa Territorial Force, lilianza rasmi tarehe 1 Aprili 1908 kwa sheria ya mwaka 1907, wakati Richard Haldane akiwa Waziri wa Vita. Watu wake hawakuwa askari wa kudumu. Walikuwa makarani, wafanyakazi wa viwandani, walimu na wenye maduka. Mchana walikwenda kazini, baadhi ya jioni walifanya gwaride katika ukumbi wa kikosi cha mji wao, na kila mwaka walikaa kambini hadi yapata wiki mbili. Mkataba wao ulikuwa wa miaka minne. Kazi yao ilikuwa kuilinda nchi yao ndani ya mipaka yake, na hawakupelekwa ng'ambo ila kwa ridhaa yao. Vita ilipozuka Agosti 1914 waliombwa waridhie, na wengi wakaridhia. Sheria za mwaka 1916 ziliiondoa hiari hiyo.

Kwa msomaji wa historia yetu jambo hili si geni. Tangu Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipoanzisha diwani, walikuwepo walioandikwa humo na kupewa posho maalumu, na walikuwepo wa kujitolea, mutatawwi'a, walioacha shamba au duka wakati wa haja. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) ameyatofautisha makundi haya mawili, akaeleza kwamba walio katika diwani hupewa kutoka mali ya fai, na wa kujitolea hupewa kutoka fungu la Zaka. Hukumu hiyo ina funzo kwa mwanahistoria pia. Aliyeandikwa kwenye daftari huacha jina nyuma yake. Anayekuja na kuondoka ni mwepesi kusahauliwa.

Nishani inasema nini?

Nishani ni shahidi mkweli, lakini ni shahidi wa maneno machache. Nishani ya Vita ya Uingereza, ile ya fedha, ilitolewa kwa watu wapatao milioni 6.5. Mtu aliyenayo hatujui zaidi ya kwamba alitumikia. Nyota ya 1914-15 inasema kidogo zaidi: mwenyewe alifika katika uwanja wa vita kabla ya mwaka 1915 kwisha.

Kwa askari wa mgambo zipo mbili zenye faida kubwa zaidi kwa mtafiti. Ya kwanza ni Nishani ya Vita ya mgambo, iliyoanzishwa mwaka 1920. Walipewa walioridhia kwenda ng'ambo kabla ya Septemba 1914 kwisha, wakaenda kweli, lakini hawakustahiki Nyota ya 1914 wala ya 1914-15. Waliopewa ni kiasi cha 34,000 tu. Miongoni mwao wamo waliopelekwa India mwishoni mwa mwaka 1914 kushika nafasi za askari wa kudumu. Ya pili ni nishani ya utumishi wa miaka 12 katika mgambo, ambapo muda wa vita ulihesabiwa mara mbili. Ukiiona hiyo, ujue kwamba mtu yule alizitoa jioni zake na siku zake za mapumziko kwa miaka mingi, bila ya kuacha kazi yake ya kila siku.

Majina yanayofanana

Kosa la kwanza la mtafiti mwenye haraka ni kulikuta jina na kudhani amemkuta mtu. Uingereza imejaa watu wenye jina moja, kama sisi tulivyo na akina Salim bin Said katika kila mtaa. Na namba nayo haikutoshi. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1917 kila batalioni ya mgambo ilikuwa na hesabu yake ya namba, kwa hiyo watu wawili katika rejimenti moja waliweza kuwa na namba moja, wakiwa wa batalioni mbalimbali. Kisha askari wa miguu wa mgambo wakapewa namba mpya za tarakimu sita, na mtu mmoja akawa na namba mbili katika maisha yake ya jeshi. Asiyelijua hili atamfanya mtu mmoja kuwa wawili, au wawili kuwa mmoja.

Maulamaa wetu waliliona tatizo hili zamani. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki mwaka 463 Hijria, sawa na 1071) alitunga kitabu kizima, al-Muttafiq wal-Muftariq, juu ya wapokezi wanaoafikiana kwa majina na kutofautiana kwa nafsi. Kwa nini alijitaabisha hivyo? Kwa sababu mmoja aweza kuwa mwaminifu na wa pili dhaifu, na kuwachanganya ni kuiharibu dini ya watu.

Tarehe humfichua mwongo

Imesimuliwa kwamba katika zama za huyo huyo al-Khatib palitolewa waraka uliodaiwa kuwa wa Mtume (S.A.W.), unaowasamehe watu wa Khaybar jizya, na ndani yake mna ushahidi wa Muawiya na wa Saad bin Muadh. Al-Khatib aliutazama akasema kuwa ni wa kughushi. Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7 Hijria. Muawiya alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, yaani wa 8, na Saad alikwisha kufa mwaka wa 5. Tarehe zikautosha waraka ule.

Mizani hiyo hiyo hutumika katika nishani. Muuzaji akidai kwamba mwenye fungu hili alijiunga na jeshi kwa mara ya kwanza mwaka 1917, na ndani yake mna Nyota ya 1914-15, basi ama simulizi si ya kweli, ama nyota ile ni ya mtu mwingine. Na yapo yaliyo mabaya zaidi. Wako wanaolikwangua jina la asili wakachora jina lenye sifa, ili bei ipande. Hukumu ya hilo inajulikana kwa mwanafunzi wa kwanza wa fiqhi: ni ghishi katika biashara. Nasi tunaongeza kuwa humo mna dhulma nyingine, kwani aliyefutwa jina hawezi kujitetea.

Pale mlolongo unapokatika

Baada ya nishani, mtafiti huiendea Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, ambako zimo kadi za nishani na orodha za waliopewa. Kadi aghlabu humpa jina, vikosi, namba, na pengine tarehe ya kufika vitani. Ama majalada ya utumishi ya askari wa kawaida na wa vyeo vya chini, zaidi ya nusu yaliteketea Septemba 1940 ghala lao lilipopigwa mabomu. Hapo mlolongo wa wengi hukatika.

Tumtazame aliyesalimika kusahauliwa. Noel Chavasse alikuwa daktari na ofisa wa mgambo, mtoto wa askofu wa Liverpool. Alipewa Msalaba wa Victoria mara mbili, kwa kuwaokoa majeruhi chini ya risasi mwaka 1916 na 1917, akafa kwa majeraha tarehe 4 Agosti 1917. Barua zake zipo, wasifu wake umeandikwa, na nishani zake ziliuzwa mwaka 2009 kwa bei iliyoripotiwa kukaribia pauni milioni 1.5. Lakini waliobeba machela pamoja naye, wengi wao hawakuacha ila kadi moja.

Afanyeje basi mtafiti? Wapo wanaoliziba pengo kwa dhana: "bila shaka alikuwepo vita fulani", "lazima alimwona fulani akifa". Mwanachuoni wa Hadithi hakufanya hivyo. Alisema: hapa sanadi imekatika, akanyamaza. Kunyamaza huko si unyonge; ni uaminifu. Ama nia ya mtu yule, kama alikwenda kwa kuipenda nchi yake au kwa kuwaonea haya wenzake, hiyo haimo kwenye kadi yoyote, na anayeijua ni Mola wake.

Nasihi yetu

Ndugu zetu maimamu na wanafunzi, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimo nishani za babu waliotumikia KAR, hadi Burma. Nyota ambazo Uingereza iliwapa askari wake kwa Vita Kuu ya Pili kwa kawaida hazikuandikwa jina. Nyota hizo zikitoka nyumbani, hakuna kadi wala karani atakayejua zilikuwa za nani. Ushahidi wake ni ulimi wa mzee, na wazee wale wamekwisha kutuacha ila wachache mno. Basi anayeijua habari ya nishani iliyomo sandukuni mwao na aandike leo: jina la mtu, la baba yake, mji wake, nani aliyesimulia na kutoka kwa nani. Na asichokijua asikiandike.

Wallahu a'alam.