Jaji Mwalimu na Sumu ya Mishale

Sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, iliingia Tanganyika kwa mlango wa London. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1931, mvumbuzi alitakiwa kwanza apate hataza Uingereza, kisha aisajili Dar es Salaam. Mhunzi wa Iramba angefua jembe la aina mpya, asingekuwa na pa kulipeleka. Uhuru ulipokuja hali hiyo haikuondoka upesi: Bunge lilitunga sheria yetu mwaka 1987, nayo ikaanza kutumika 1994.

Maarifa ya Waafrika, kwa upande wake, yalikuwa yamekwishasafiri bila hati yoyote. Miaka ya 1860 hivi, John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone katika Zambezi na baadaye konseli wa Uingereza Zanzibar, alisugua meno kwa mswaki uliokuwa umeguswa na sumu ya mishale, akaona mapigo ya moyo wake yanapungua. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza sumu hiyo, na mmea wa strofanto ukawa dawa ya moyo Ulaya. Wawindaji walioujua kwa vizazi hawakupata chochote. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Munguli, wilayani Mkalama, nao huchemsha sumu ya mishale kutokana na mmea wa jamii hiyohiyo.

Maarifa ya namna hiyo yakifika mahakamani, ndipo jaji anapohitaji kuwa pia mwalimu. Marekani ilimpata Giles Rich: alifundisha sheria ya hataza Chuo Kikuu cha Columbia, akashiriki kuandika sheria ya mwaka 1952, akawa jaji mwaka 1956 na kubaki kazini hadi alipofariki mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 95. Kwetu, aliye karibu na njia hiyo ni Dkt. Paul Kihwelo. Alifundisha sheria Chuo Kikuu Huria, na mwaka 2005 akachapisha makala kuhusu kulinda maarifa asilia ya Tanzania. Baadaye akawa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na pia akaongoza Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, wanakonolewa mahakimu na majaji. Naiona safari hiyo kuwa ya thamani kuliko cheo chenyewe, kwa sababu swali aliloliandika akiwa mhadhiri, la jinsi ya kuyalinda maarifa hayo, bado linasubiri jibu mahakamani.

Hataza hutolewa kwa jambo jipya tu. Kampuni ikidai imevumbua dawa kutokana na mmea wa Mkalama, nani atathibitisha kwamba wazee waliijua zamani, ilhali hawakuiandika popote? Jaji ndiye atakayepima ushahidi wa mdomo wa mzee dhidi ya ripoti ya maabara. Akikosea, kampuni inaweza kushikilia hataza hiyo miaka 10, ikaiongeza mitano, kisha mitano tena.