Fausto Coppi: Bingwa wa Baiskeli Aliyeuawa na Malaria

Kabla jina lake halijavuma, Fausto Coppi alikuwa kijana wa kupeleka nyama kwa wateja. Alizaliwa Septemba 15, 1919, katika familia ya wakulima kijijini Castellania, kaskazini mwa Italia. Akiwa na miaka 13 aliacha shule, akaajiriwa buchani mjini Novi Ligure, na baiskeli ikawa chombo chake cha kazi. Mjini humo alikutana na Biagio Cavanna, mchuaji wa wanamichezo aliyekuwa kipofu. Cavanna alimsoma mtu kwa vidole: alipapasa mapaja na mgongo, akasikiliza moyo unavyodunda, ndipo akasema kama mtu huyo anafaa. Cavanna alimkubali kijana huyu mwembamba, mwenye miguu mirefu kama ya korongo.

Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimchukua kwenye Giro d'Italia, mbio za kuizunguka Italia, awe msaidizi wa nyota wake, Gino Bartali. Bartali akaanguka na kuumia mapema. Msaidizi ndiye aliyetwaa ushindi, akiwa na miaka 20, na hadi leo hakuna aliyeshinda Giro akiwa na umri mdogo kuliko huo. Kesho yake Italia iliingia vitani.

Novemba 7, 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milan, Coppi alijaribu rekodi ya saa moja. Hapo hakuna mpinzani wa kujikinga upepo nyuma yake. Ni mtu, baiskeli na saa. Alikwenda kilomita 45.798, mita 31 tu zaidi ya Mfaransa Maurice Archambaud, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1956. Miezi michache baadaye alikuwa askari Afrika Kaskazini. Waingereza walimteka Tunisia mwaka 1943, na sehemu ya miaka ambayo mwanamichezo huwa na nguvu zake zote ikapotelea kambini.

Ndiyo maana ushindi wake katika mbio za Milan–San Remo za Machi 1946 unastahili kukumbukwa kuliko mataji yake mengi. Alichomoka mapema, akawachosha walioandamana naye, akamaliza dakika 14 mbele ya mshindi wa pili. Wengine wataichagua siku ya Giro ya 1949, kutoka Cuneo hadi Pinerolo, alipopanda milima mitano na kwenda kilomita 192 peke yake, huku Bartali akifika karibu dakika 12 baadaye. Mwaka huohuo alishinda pia Tour de France, mbio za kuizunguka Ufaransa. Hakuna aliyewahi kushinda mbio hizo mbili katika mwaka mmoja kabla yake. Na bado akapata nguvu za kurudi uwanjani na kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kufukuzana, ambazo wapinzani wawili huanza pande mbili za uwanja, kila mmoja akimwinda mwenzake. Alimaliza na Giro tano, Tour mbili na ubingwa wa dunia wa barabarani wa 1953.

Desemba 1959, akiwa na miaka 40, alialikwa Upper Volta, ambayo sasa ni Burkina Faso, kwa mbio za maonyesho na uwindaji. Mfaransa Raphaël Géminiani, aliyelala naye chumba kimoja, alisimulia baadaye jinsi nyumba waliyolala ilivyojaa mbu. Waliporudi Ulaya, wote wawili walishikwa na homa kali. Géminiani alipimwa damu Ufaransa, malaria ikaonekana, akatibiwa. Madaktari wa Coppi walitibu ugonjwa mwingine. Kwa sisi tuliokulia penye mbu, hapa ndipo panapouma: homa ya mtu aliyetoka Afrika, na malaria haikutambuliwa. Kwinini ilikuwapo. Coppi alifariki Januari 2, 1960, katika hospitali ya Tortona.

Géminiani aliishi hadi Julai 2024, akafariki akiwa na miaka 99.